Kupandikiza, Kubebesha na Kuchipuza: Uhakiki wa Istilahi za Kiswahili za Ukuzaji wa Polima Usoni pa Chembe za Nano kwa Kurejelea Lugha ya Mashamba ya Rau, Moshi

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna Kiswahili kinavyoweza kutaja mbinu za kuzivika chembe za nano minyororo ya polima, hususani mbinu ambayo mnyororo hukuzwa papo hapo kuanzia usoni pa chembe. Hoja kuu ni kwamba neno upandikizaji, ambalo humjia mfasiri kwanza, likifuatwa na kihusishi kutoka huzaa maana iliyo kinyume cha dhana inayokusudiwa. Kwa kurejelea maneno ya wakulima wa mpunga, kahawa na parachichi wa Rau na mitelemko ya Kilimanjaro, makala inaonesha kuwa Kiswahili kina vitenzi vitatu tofauti pale ambapo Kiingereza kina kimoja. Inapendekeza ubebeshaji na uchipuzaji kuwa istilahi za mbinu mbili kuu, kisha inaipima mipaka ya kila moja kwa kuilinganisha na kile kinachotendeka katika chombo cha mkemia.

1.0 Utangulizi

Neno nano si geni kaskazini mwa Tanzania. Mwaka 2015 Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, alitunukiwa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi, inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, kwa kichujio cha maji kinachounganisha mchanga na nyenzo za nano. Habari hiyo ilisimuliwa kwa Kiswahili bila taabu, kwa kuwa msimulizi alihitaji maneno matatu tu: maji, mchanga na nano. Taabu huanza pale anapotakiwa kueleza si chombo kinafanya nini, bali nyenzo yake ilitengenezwaje. Hapo msimulizi huhamia Kiingereza, au huvika maneno ya Kiingereza viambishi vya Kiswahili na kuendelea kana kwamba kazi imekwisha.

Makala hii inachukua dhana moja tu kutoka uwanja huo. Chembe za nano, yaani chembe zenye upana wa takribani nanomita 1 hadi 100, zina tabia ya kugandamana. Uso wao ni mkubwa mno ukilinganishwa na ujazo wao, na chembe mbili zikikutana hupunguza nishati ya nyuso zao kwa kushikamana. Zikishagandamana hupoteza sifa iliyofanya zitengenezwe. Dawa mojawapo ni kuzivika minyororo ya polima iliyofungwa usoni kwa kifungo cha kikemia, ili chembe jirani zizuiwe zisikaribiane. Swali la kemia ni namna ya kuifunga minyororo hiyo. Swali la makala hii ni namna ya kuutaja ufungaji huo kwa Kiswahili bila kuupotosha.

Swali hili lina uzito kwa sababu ya mahali ambapo istilahi zetu hupimwa. Mtahini wa isimu huipima istilahi kwa umbo lake: je, imenyambuliwa kwa kanuni, inatamkika, inalingana na nyingine? Mtahini wa kemia, kama atapewa kazi hiyo, huipima kwa kuirudisha kwanza kwenye Kiingereza alichosomea. Katikati ya wawili hao dhana yenyewe huachwa bila mlinzi. Istilahi inaweza kufaulu mitihani yote miwili na bado ikamfundisha mwanafunzi jambo lisilotokea.

2.0 Msingi wa Kinadharia

Eugen Wüster, mhandisi wa Austria anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa Nadharia Jumla ya Istilahi, alishikilia kuwa kazi ya istilahi huanza na dhana kisha ikaenda kwenye neno. Dhana hupambanuliwa kwanza na kuwekwa katika mfumo wa dhana jirani, ndipo itafutiwe jina. Kwa upande wa Kiswahili, Tumbo-Masabo na Mwansoko (1992) waliweka mwongozo wa uundaji wa istilahi ambao bado unarejelewa katika vyuo vyetu, na vigezo alivyovipanga K. B. Kiingi, vinavyojulikana kwa kifupi PEGITOSCA, hutumika kupimia istilahi iliyokwisha kuundwa. Miongoni mwa vigezo hivyo, uhakiki huu unategemea vitatu: usahihi, uangavu na uzalishaji. Istilahi sahihi hutaja dhana moja wala haiingilii nyingine. Istilahi angavu humwezesha msomaji kukisia maana kutokana na umbo. Istilahi zalishi huzaa istilahi nyingine za uwanja uleule.

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990 haiwezi kulaumiwa kwa kutokuwa na dhana tunayoijadili. Mbinu iliyofanya ukuzaji wa polima usoni pa chembe udhibitike vizuri, ambayo ni upolimishaji wa radikali kwa uhamisho wa atomu, ilitangazwa mwaka 1995 na makundi mawili yaliyofanya kazi mbalimbali: la Krzysztof Matyjaszewski nchini Marekani na la Mitsuo Sawamoto nchini Japani. Miaka minne baadaye, mwaka 1999, Timothy von Werne na Timothy Patten walichapisha kazi yao ya kukuza polima kwa mbinu hiyo kuanzia usoni pa chembe za silika. Pengo letu basi lina zaidi ya robo karne, nalo haliwezi kuzibwa kwa kufungua kamusi iliyotangulia dhana yenyewe.

3.0 Dhana na Majirani Zake

Zipo njia tatu za kuufunga mnyororo wa polima usoni pa chembe. Kwa njia ya kwanza, mnyororo hutengenezwa peke yake katika myeyusho hadi ukamilike, ukiwa na kundi tendaji kwenye ncha yake. Kisha huletwa kwenye chembe na ncha ile hufungwa usoni. Kwa njia ya pili, kinachofungwa usoni kwanza ni molekuli ndogo ya kianzishi. Chembe yenye vianzishi hivyo hutiwa katika myeyusho wenye monoma na kichocheo, na mnyororo hukua monoma moja baada ya nyingine, shina lake likiwa limefungwa usoni tangu mwanzo. Kwa njia ya tatu, kinachofungwa usoni ni monoma. Mnyororo unaokua huru katika myeyusho huipitia njiani, ukaimeza na kuendelea, na kwa hiyo hujikuta umeshonwa usoni.

Tofauti kati ya njia ya kwanza na ya pili si ya mpangilio tu, kwani matokeo yake hupimika. Mnyororo uliokamilika ni mkubwa na umejikunja kama donge la uzi. Madonge machache yakishatua usoni, huwazuia wenzao wanaofuata kuifikia nafasi iliyobaki, hata kama nafasi ipo. Kwa hiyo njia ya kwanza kwa kawaida huishia kwenye msongamano mdogo, mara nyingi chini ya mnyororo 0.1 kwa kila nanomita mraba. Monoma ni ndogo, hivyo hupenya kati ya minyororo inayokua, na njia ya pili inaweza kufikia msongamano wa karibu minyororo 0.7 kwa nanomita mraba kwa polima kama polimethilimethakrilati.

Tuchukue chembe yenye kipenyo cha nanomita 20. Eneo la uso wake ni nanomita mraba 1,257 hivi. Kwa msongamano wa 0.05, chembe hiyo hubeba minyororo kama 63. Kwa msongamano wa 0.5, hubeba kama 628. Katika hali ya kwanza minyororo hulala usoni ikiwa imejikunja, umbo ambalo wanafizikia hulifananisha na uyoga. Katika hali ya pili hakuna nafasi ya kulala. Kila mnyororo husukumwa na jirani zake usimame na kunyooka, na uso wote huwa kama brashi. Chembe iliyovikwa uyoga na chembe iliyovikwa brashi hutenda tofauti katika maji, katika damu na katika plastiki. Istilahi isiyozipambanua njia hizi mbili huficha sababu ya tofauti hiyo.

4.0 Kasoro ya Upandikizaji

Kiingereza huzitaja njia zote tatu kwa kitenzi kimoja, kilichochukuliwa kutoka bustanini, na huzitofautisha kwa vihusishi vitatu vyenye maana ya hadi, kutoka na kupitia. Mfasiri wa Kiswahili hutazama kitenzi kile, akakumbuka kuwa kamusi za jumla hukifasiri kwa pandikiza, kisha akaongeza kihusishi. Hivyo ndivyo tunavyopata miundo kama upandikizaji hadi na upandikizaji kutoka.

Tuanze na neno lenyewe. Katika Kiswahili cha leo kupandikiza ni kukichukua kitu kilichokwisha kuwa na uhai au umbo lake mahali pamoja na kukiweka mahali pengine kiendelee. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipofanya upandikizaji wake wa kwanza wa figo mwaka 2017, hakuna Mtanzania aliyedhani kuwa figo ile iliota ndani ya mgonjwa. Ilitoka kwa mtu mwingine ikiwa figo kamili. Hata tunaposema kwa sitiari kuwa fulani amepandikiza chuki, tunamaanisha kuwa chuki hiyo haikuwa ya wenyeji, ililetwa. Pandikiza basi inabeba sifa mbili za lazima: kilichopandikizwa kilikuwapo kabla, na kimehamishwa. Sifa zote mbili zinaifaa njia ya kwanza, na zote mbili zinaikataa njia ya pili.

Kosa kubwa zaidi limo katika kihusishi. Kwa Kiswahili, panapotajwa upandikizaji, neno kutoka humtaja mtoaji. Upandikizaji wa figo kutoka kwa ndugu maana yake ni kwamba ndugu alikuwa na figo na sasa ametolewa. Upandikizaji wa miche kutoka kitaluni maana yake ni kwamba miche ilikuwa kitaluni na sasa haipo. Kwa mantiki hiyohiyo, upandikizaji wa polima kutoka usoni pa chembe za nano humwambia msomaji mzawa wa Kiswahili kwamba polima ilikuwa usoni pa chembe na imeng'olewa ikapelekwa kwingine. Hiyo siyo dhana iliyokusudiwa, ni kinyume chake. Sentensi haina kasoro yoyote ya sarufi, na mhariri anaweza kuipitisha. Lakini mwanafunzi anayeielewa kama Kiswahili ataielewa vibaya, na atakayeielewa vizuri ni yule tu aliyeirudisha kwenye Kiingereza. Istilahi inayoeleweka kwa asiyehitaji tafsiri peke yake haijafanya kazi ya istilahi.

Mtu anaweza kusema kuwa hilo ni suala la kihusishi, nalo laweza kurekebishwa kwa kuandika kuanzia badala ya kutoka. Rekebisho hilo linapunguza kasoro bila kuiondoa. Upandikizaji kuanzia usoni bado unadai kitu kilichokwisha kukamilika, na sasa unadai pia kuwa kazi ya kukihamisha ilianza mahali fulani. Tatizo linabaki kwenye kitenzi.

5.0 Lugha ya Mashamba ya Rau

Rau ni mahali pazuri pa kulitafutia jambo hili ufumbuzi, kwa sababu kilimo chake kinakusanya katika eneo dogo matendo ambayo kwingine hutenganishwa na umbali. Mto Rau hushuka kutoka mitelemko ya Kilimanjaro, na pamoja na mto Njoro hulisha skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, iliyojengwa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani na kuhudumia vijiji vya Mabogini, Rau ya Kati, Oria na Chekereni. Huko chini ni mpunga. Ukipanda kuelekea mlimani ni vihamba vya migomba na kahawa, na katika miaka ya karibuni parachichi. Mkulima wa mazingira haya hana neno moja la matendo haya yote, kwa sababu akiyachanganya atapoteza msimu.

Kwenye majaruba ya mpunga kitenzi ni kupandikiza. Mbegu huoteshwa kitaluni, miche hukua kwa wiki tatu hivi, hung'olewa, hubebwa na kuchomekwa kwenye jaruba lililochavangwa kwa nafasi iliyopimwa. Hapa sifa zote mbili za pandikiza zinaonekana kwa macho: mche ulikuwapo kabla, na umehama. Ardhi ya jaruba haikuchangia kuanza kwa mche.

Kwenye parachichi na maembe kitenzi ni kubebesha. Mche wa asili huoteshwa kwa mbegu ili utoe mizizi na shina. Kikonyo hukatwa kwenye mti wa aina inayotakiwa, kwa mfano Hass, kikachongwa, kikaingizwa kwenye mkato wa shina na kufungwa kwa utepe mpaka jeraha lipone. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania iliyoko Lyamungu nayo hutumia vikonyo na ubebeshaji katika kuzalisha miche ya aina bora za kahawa. Kubebesha hutofautiana na kupandikiza kwa jambo moja la msingi: kile kinachopokea si udongo bali ni mwili mwingine, na kati ya viwili hivyo hufanyika kifungo cha kudumu. Shina limefanywa libebe kikonyo, na ndivyo kiambishi cha kutendesha kinavyosema.

Kwenye kahawa kongwe kitenzi ni kuchipua. Mkahawa uliochoka hukatwa ukabaki kisiki. Kwenye kisiki hicho yapo macho yaliyolala, na baada ya kukatwa huamka na kutoa maotea. Mkulima huyapunguza na kubakiza machache yenye nguvu. Hakuna kilicholetwa kutoka nje: chipukizi limeanzia papo hapo, shina lake halijawahi kuwa mahali pengine, na linarefuka kwa ncha.

Vitenzi vitatu, dhana tatu. Kiingereza kimelazimika kutumia vihusishi kwa sababu kilianza na kitenzi kimoja cha bustani. Kiswahili hakina sababu ya kuurithi ufinyu huo.

6.0 Istilahi Zinazopendekezwa na Mipaka Yake

Kwa njia ya kwanza, makala inapendekeza ubebeshaji. Mnyororo uliokamilika ni kikonyo, chembe ni shina linalobebeshwa, kifungo cha kikemia ni mahali pa jeraha lililopona. Istilahi hii inashinda upandikizaji kwa usahihi, kwa kuwa inadai kifungo kati ya miili miwili. Udongo wa jaruba haufungwi kwa mche, na ndiyo maana mche hung'oka. Polima iliyofyonzwa tu usoni bila kifungo cha kikemia, ambayo huweza kuoshwa ikatoka, ndiyo yenye kufanana na mche wa mpunga, na upandikizaji ungeweza kuachiwa dhana hiyo.

Kwa njia ya pili, makala inapendekeza uchipuzaji, kutokana na chipuza kwa maana ya kufanya kitu kichipue. Uchipuzaji wa polima usoni pa chembe za nano ni kuifanya minyororo ianze na kukua kutokana na vianzishi vilivyofungwa usoni. Kianzishi kilichofungwa chaweza kuitwa jicho, na hapo uzalishaji wa istilahi unaanza kuonekana. Idadi ya macho kwa eneo huweka kikomo cha msongamano wa machipukizi. Si kila jicho huchipua, na uwiano wa yaliyochipua kwa yaliyopandwa ni kipimo ambacho mkemia hulazimika kukitaja. Katika upolimishaji wa radikali kwa uhamisho wa atomu, ncha ya mnyororo huwa imelala muda mwingi, ikiwa imefunikwa na atomu ya halojeni kama bromini. Kichocheo cha shaba huichukua atomu hiyo, ncha huamka, huongeza monoma chache, kisha hurudishiwa halojeni na kulala tena. Kwa sababu kila ncha huamka na kulala kwa zamu, minyororo yote hurefuka kwa kadiri inayokaribiana. Mkulima anayejua jicho lililolala hahitaji kufundishwa neno jipya ili aielewe sentensi hiyo.

Chaguo la kiambishi cha mahali nalo lina maana. Usoni mwa chembe huashiria ndani, kana kwamba mnyororo umezama. Usoni pa chembe hutaja mahali dhahiri pa kugusana. Kwa dhana hii umbo la pili ndilo sahihi.

Hata hivyo, istilahi ya kisitiari haina budi kuoneshwa mahali inapokoma. Uchipuzaji una mipaka mitatu. Kwanza, chipukizi la mkahawa hulishwa na kisiki. Mnyororo wa polima haulishwi na chembe hata kidogo. Monoma zote hutoka katika myeyusho unaouzunguka, na chembe haipungui. Fasili ya istilahi sharti iseme hivyo waziwazi, la sivyo mwanafunzi atatafuta upungufu wa silika ambao haupo. Pili, si kila kuchipua kunafaa. Jani la mgomba husukumwa kutoka chini, ya zamani ikitangulia juu, ilhali mnyororo huongezewa nchani. Mfano wa kufundishia basi uwe mkahawa, usiwe mgomba. Tatu, machipukizi ya visiki viwili hayaungani ncha kwa ncha yakawa kitu kimoja. Ncha mbili za radikali zilizo macho huungana, na zikiwa za chembe mbili tofauti huzifunga chembe hizo. Hali hiyo ikiendelea, chombo kizima hugeuka rojo zito lisiloyeyuka. Ndiyo maana wakemia husimamisha mmenyuko mapema au huupunguzia ukali wa myeyusho. Jambo hili halimo katika sitiari na lazima lielezwe nje yake.

Kuna pia suala la upimaji, ambalo linaonesha kuwa uteuzi wa istilahi hugusa kazi ya maabara. Katika ubebeshaji, urefu wa mnyororo hupimwa kabla ya kufungwa, kama kikonyo kinavyochaguliwa kabla ya kukatwa. Katika uchipuzaji, hakuna mnyororo kabla ya kufungwa. Ili kuupima, mtafiti huiyeyusha silika kwa asidi ya hidrofloriki na kuikusanya minyororo iliyobaki, au hutia vianzishi huru katika myeyusho na kudhani kuwa minyororo iliyokua huru inafanana na iliyokua usoni. Dhana hiyo ya mwisho ni dhana tu, na huweza kukosea. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa neno moja la upandikizaji hana sababu ya kuuliza urefu ulioandikwa kwenye jedwali ulipatikanaje. Aliyefundishwa kwa maneno mawili analazimishwa na lugha yenyewe aulize.

Njia ya tatu haihitaji mjadala mrefu. Kwa kuwa mnyororo unaokua huru hupitia monoma iliyofungwa usoni na kuiingiza mwilini mwake, ushonaji unaitaja vya kutosha, na haugongani na istilahi mbili za awali.

7.0 Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni la ukimataifa. Kwa nini tusikope neno la Kiingereza na kulitohoa, kama tulivyofanya kwa polima, monoma na silika? Makala haipingi utohozi huo. Majina ya vitu hukopeka kwa urahisi kwa kuwa msomaji huhitaji kuyatambua tu. Majina ya matendo yana kazi zaidi: yanatakiwa kunyambulika ili yataje mtenda, mtendwa, kifaa, mahali na matokeo. Ni kweli kwamba vitenzi vya mkopo hunyambulika pia, na kuchaji imezaa kuchajisha na kuchajiwa. Lakini kitenzi kilichotoholewa kwa dhana hii kingekuja na ufinyu wake wa asili, yaani kitenzi kimoja kwa njia tatu, na kingetulazimisha kurudi kwenye kihusishi kutoka, ambako kasoro ilianzia.

Pingamizi la pili ni la mwangwi wa neno. Kubebesha hutumika kwa mzigo, kwa lawama, na hata kwa mimba. Kigezo cha kuepuka maneno yenye karaha kingeweza kutajwa. Jibu ni kwamba neno hili tayari ni la kitaalamu katika kilimo cha Tanzania, na mabwana na mabibi shamba hulitamka mbele ya hadhira yoyote. Uwanja hulisafisha neno, na ubebeshaji wa polima hauna nafasi ya kueleweka vingine.

Pingamizi la tatu lina nguvu zaidi. Katika matumizi ya baadhi ya wasemaji, chipuza ina maana sawa na chipua, yaani haisemi kuwa yupo anayefanya kitu kichipue. Mtu anaweza basi kupendelea uoteshaji. Makala inakubali utata huo wa chipuza, lakini haioni kuwa otesha ni mbadala. Kuotesha ni kwa mbegu, na mbegu ni mwili huru uliowekwa katika udongo usio sehemu yake. Huo ndio upolimishaji wa kawaida katika myeyusho, ambako mnyororo huanza popote na haufungwi na chochote. Tukiutumia uoteshaji kwa chembe za nano, tutapoteza neno linalofaa dhana jirani na kuitia chembe katika nafasi ya udongo. Utata wa chipuza hutatuliwa na muktadha na fasili, lakini kosa la otesha lingekuwa ndani ya dhana.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Uhakiki huu umeonesha kuwa istilahi upandikizaji kutoka ina sarufi sahihi na maana iliyopinduka, na kwamba upinduzi huo haugunduliki kwa vipimo tunavyovitumia sasa. Umeonesha pia kuwa lugha ya mashamba ya Rau inazo tofauti ambazo kemia inazihitaji, na kwamba tofauti hizo ziko katika vitenzi na siyo vihusishi. Ubebeshaji, uchipuzaji na ushonaji vinapendekezwa kwa njia tatu za kufunga polima usoni pa chembe za nano, kila kimoja kikiambatana na fasili inayotaja mahali sitiari inapokoma.

Mapendekezo ni mawili. Kwanza, tasnifu za istilahi zinazowasilishwa katika vyuo vyetu zipimwe kwa jaribio la ziada: istilahi itiwe katika maelezo kamili ya utaratibu wa maabara yaliyoandikwa kwa Kiswahili, kisha apewe msomaji ambaye hajaona matini ya Kiingereza, aeleze kwa mpangilio kilichofanyika. Akianza kwa kusema kuwa polima iling'olewa, istilahi imeanguka hata kama imetimiza vigezo vyote vya umbo. Pili, uchunguzi wa istilahi za sayansi uanzie pale ambapo tendo linalofanana hutendwa kila siku. Majivu ya pumba za mpunga unaovunwa kwenye majaruba ya Rau ni silika kwa sehemu kubwa, na silika ndiyo uso ambao uchipuzaji wa polima umechunguzwa zaidi. Atakayeandika kwa Kiswahili jinsi silika hiyo inavyoweza kusafishwa, kupandwa macho na kuchipuzwa atakuwa anaandika kuhusu zao la nyumbani, na atahitaji maneno yasiyomgeuzia maana njiani.